Jiwe la Wybie

Jiwe lile halikupaswa kuwamo. Nalisema mapema ili tuelewane: lile jiwe ambalo Wybie, yule mvulana jirani, analinyanyua kisimani, dakika za mwisho za Coraline, na kuuponda mkono wa sindano vipande vipande, ndilo kosa kubwa kuliko yote katika filamu ambayo karibu kila kitu kingine ndani yake kimefanywa kwa ustadi wa hali ya juu. Vijana ninaokutana nao kwenye mafunzo ya uhuishaji huitaja filamu hii ya Henry Selick ya mwaka 2009 kila wanapoulizwa mfano wa sinema ya vikaragosi yenye funzo. Wako sawa kuitaja. Lakini mwenye funzo hilo anapokonywa funzo lake mlangoni, na hakuna anayelalamika.

Kumbukeni mpangilio wa tukio. Coraline amekwisha kumshinda Mama Mwingine, zimwi lenye mikono ya sindano. Ameyapata macho ya wale watoto watatu waliokufa, amewatambua wazazi wake ndani ya tufe la theluji, amemhadaa adui mpaka akaufungua mlango mdogo kwa mkono wake mwenyewe, na amemrushia paka usoni. Watoto wale wanamwonya ndotoni kwamba ufunguo bado unatafutwa. Anatoka usiku, ufunguo shingoni, kwenda kuutupa kisimani. Mpaka hapa sina neno. Mkono wa Mama Mwingine unatambaa nyuma yake, unaudaka ufunguo, unamkokota kwa shingo kuelekea kwenye nyumba. Na hapo anatokea Wybie na baiskeli yake. Anaunasa mkono kwa koleo, wanapambana, anaporomoka kisimani, ananing'inia ukingoni huku mkono ukimdunga vidole. Coraline anauvamia kwa blanketi, na tumpe haki yake, sekunde hizo ni zake. Lakini mkono unalichana blanketi na kuchomoza, na jiwe linashuka. Pigo la mwisho ni la Wybie. Coraline anabaki kusaidia kufunga furushi.

Sasa fungueni kitabu cha Neil Gaiman cha mwaka 2002. Humo Wybie hayumo kabisa. Coraline anagundua kwamba mkono unamnyemelea, na badala ya kukimbia anakaa chini na kupanga. Anawachukua wanasesere wake wa zamani, ambao alikwisha kuacha kuwachezea. Anaondoa mbao za kisima, anatandika kitambaa juu ya mdomo wake, anakibana pembeni kwa vikombe vya kuchezea alivyovijaza maji, anauacha ufunguo juu ya kitambaa, kisha anaanza kuigiza karamu ya chai, akizungumza na wanasesere ili adui asikie. Mkono unaurukia ufunguo. Kitambaa kinabonyea, na vyote vinatumbukia kisimani. Hakuna aliyekuja kumwokoa.

Tazameni anachokifanya msichana huyu. Anapanga wanasesere, anawapa maneno, anatengeneza uongo mdogo unaofanana na uhai, na uongo huo unamnasa zimwi. Hiyo ndiyo kazi ya mhuishaji tangu Ladislas Starevich alipowafanya wadudu wakavu waigize mbele ya kamera mwaka 1912. Mwandishi alimpa Selick, bila gharama yoyote, tukio ambamo mtoto anashinda kwa ufundi uleule unaoitengeneza filamu. Tena filamu yenyewe ilikuwa inaliomba tukio hilo tangu mwanzo. Inafunguka kwa mikono ya sindano ikimfumua mwanasesere, ikimtoa pamba, ikimshona upya kwa sura ya Coraline ili akampeleleze. Adui anawinda kwa mwanasesere. Jibu la haki ni windo kumtega adui kwa wanasesere. Mlango ulifunguliwa katika fremu za kwanza, na Selick, ambaye aliandika mwongozo huu mwenyewe, akaenda kutokea dirishani.

Sababu yake inajulikana, kwa kuwa aliieleza mwenyewe: kitabuni Coraline yuko peke yake na mawazo yake, na kwenye sinema alihitaji mtu wa kuongea naye ili asiwe anajisemesha. Kama suluhisho la mazungumzo naikubali sababu hiyo. Katika theluthi ya kwanza Wybie anafanya kazi nzuri. Yeye ndiye anayetuonyesha kisima na kutuambia jinsi kilivyo kirefu, yeye ndiye anayemleta yule mwanasesere, na bibi yake ndiye aliyempoteza pacha wake ndani ya nyumba ile. Na Wybie Mwingine, yule asiye na sauti, aliyeshonwa mdomo utabasamu kwa lazima, ni ubunifu ambao kitabu hakina na ningeulilia ukiondolewa. Lakini mtu aliyeletwa kusikiliza hana haki ya kumaliza vita. Deni lake halikuwa kwa Mama Mwingine, lilikuwa kwa Coraline, kwa sababu alikataa kumwamini. Angeweza kulilipa kwa kuomba radhi asubuhi. Badala yake amelipiwa kwa mali ya msichana.

Nimekwisha kuambiwa kwamba funzo la filamu ni urafiki, kwamba hakuna anayeshinda peke yake. Basi hesabuni. Paka amemsaidia. Wybie Mwingine amejitoa mhanga kumpitisha kwenye kioo. Majirani zake, Spink na Forcible, wamempa jiwe lenye tundu la kutazamia. Watoto waliokufa wamemsaidia kuufunga mlango. Urafiki umekwisha kusemwa mara nne kabla hatujafika kisimani. Lililobaki kusemwa lilikuwa ujasiri, nalo kitabu kilikuwa kimelijengea msingi kwa kisa cha baba na nyigu: baba anabaki kuumwa ili binti yake akimbie, na hilo haliiti ujasiri, maana hakuwa na njia nyingine, ujasiri ulikuwa pale aliporudi baadaye kuchukua miwani yake aliyoiangusha, akijua wazi kwamba nyigu wapo. Kisa hicho hakikuingia kwenye filamu. Kimekatwa kisa kinachofafanua funzo, kikakatwa kitendo kinachothibitisha funzo, na nafasi yao imejazwa na jiwe.

Sisi tuliokua na ngano tunaijua sheria hii bila kufundishwa. Msichana aliyerudi ufukweni peke yake kuchukua kombe lake akatiwa na zimwi ndani ya ngoma, katika masimulizi mengi anaokolewa na wazazi. Lakini wanamtambua kwa sauti yake, kwa kuwa aliimba kutoka ndani ya ngoma. Msaada ulikuja kwa sababu ya alichokifanya mtoto. Wybie anakuja kwa sababu bibi yake amemwonyesha picha ya zamani, sebuleni, wakati Coraline hayupo.

Kuna jambo linalonifanya niwe mkali zaidi kwa sinema ya vikaragosi kuliko kwa nyingine yoyote. Mwongozaji wa filamu ya watu anaweza kusema mvua ilinyesha, mwigizaji aliugua, jua lilizama. Kwenye meza ya vikaragosi hakuna kinachoingia chenyewe. Fremu 24 kwa sekunde, 1,440 kwa dakika, na kila moja imepangwa kwa vidole vya mtu aliyeinama, akasogeza kiungo kwa unywele, akarudi nyuma, akapiga picha. Baiskeli ile ilichongwa. Koleo lilitengenezwa. Jiwe lilipakwa rangi, na kila hatua ya kuanguka kwake iliamuliwa na mtu. Walikuwa na muda wa kutosha kujiuliza kama mvulana huyu anapaswa kuwa hapa, na waliendelea kumsogeza.

Mengine ni kazi safi. Vyumba vya nyumba halisi vimejengwa vifupi, kina chake kimebanwa na sakafu zake zimeinamishwa, na vya upande wa pili vimepewa kina ili pumzi ifunguke tunapovuka. Huo ndio utumiaji wa picha za pande tatu wenye akili kuliko wote niliouona, na Pete Kozachik aliyesimamia kamera anastahili kukumbukwa kwa hilo peke yake. Maua ya mti ni bisi zilizopakwa rangi. Sweta la nyota limefumwa na Althea Crome kwa sindano nyembamba mno. Vyote vizuri.

Nyuso, hapana, hapo nina ugomvi wangu wa siku nyingi. Coraline ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya vikaragosi kutumia nyuso zilizochapwa kwa printa za pande tatu, nusu ya juu na nusu ya chini zikibadilishwa kila moja kivyake, na studio ya Laika ikajivunia kwamba uso wa Coraline ungeweza kutoa mchanganyiko wa sura zaidi ya 200,000. Mstari wa kiungo kati ya nusu mbili ukafutwa kwa kompyuta. Vijana wetu wameisikia namba hiyo na wakaamini kwamba ndiyo ufundi. Na katika tukio la kisimani, namba hiyo ilisaidia nini? Uso unasema woga, hasira, mshangao, na kitendo hakisemi chochote. Sura laki mbili haziwezi kuziba pengo la kitendo kimoja kilichokosekana.

Jiří Trnka alikuwa na sura moja. Vikaragosi vya bwana huyu wa Prague havikufungua midomo wala kukunja nyusi. Uso ulipakwa rangi mara moja, na hisia zote zikatoka kwenye mwanga, pembe ya kamera na mwinamo wa shingo. Filamu yake ya mwisho, Ruka, ya mwaka 1965, ina dakika 18 tu, na sikuwahi kufundisha bila kuionyesha. Nayo adui wake ni mkono. Mfinyanzi anataka kulitengenezea ua lake chungu. Mkono mkubwa wenye glavu unaingia na kumtaka atengeneze sanamu ya mkono. Anakataa. Unabembeleza, unahonga, unamfunga nyuzi, unamtia kwenye kizimba achonge. Anatoroka, anarudi kwake, anajifungia, chungu kinamwangukia kichwani, anakufa, na mkono ule ule unamzika kwa heshima zote. Hakuna baiskeli inayotokea juu ya kilima. Trnka alijua kwamba akimleta mwokozi, watazamaji watatoka wakimfikiria mwokozi na kuusahau mkono. Alipokwisha kufariki mwaka 1969, watawala wa Czechoslovakia waliipiga filamu marufuku. Walielewa vizuri ilichokuwa inasema.

Wala Selick hakuwa mgeni wa jambo hili. Mwaka 1993, katika The Nightmare Before Christmas, aliwaachia wahusika wake madeni yao. Jack aliyeharibu Krismasi ndiye anayerudi kuitengeneza, na anayemfumua Oogie Boogie kwa kuvuta uzi ni Jack mwenyewe, kwa vidole vyake. Vichwa vya Jack vilikuwa 400 hivi, vyote vya kubadilisha kwa mkono. Printa haikuwepo. Kitendo kilikuwepo.

Mnamo 2010 Coraline ilishindania Oscar na kushindwa na Up. Nililalamika wakati ule na bado nalalamika, kwa kuwa tuzo hiyo ya filamu ndefu za uhuishaji imewafikia watengenezaji wa vikaragosi mara mbili tu, kwa Wallace na Gromit kisha kwa Pinocchio ya Guillermo del Toro. Lakini nikilinganisha kisima cha Coraline na kile kimya cha mzee Carl wa Up anapofungua kitabu cha mkewe, nashindwa kuitetea filamu ninayoipenda. Carl anafungua kitabu mwenyewe.

Na msiniambie karamu ya chai isingepigika picha. Ni tukio jepesi kuliko lile walilolichagua. Mahali pamoja, mhusika mmoja mzima, wanasesere wasiohitaji kusogezwa, na mkono. Kitambaa kingetiwa nyaya nyembamba ndani ya pindo ili kishike umbo kati ya fremu na fremu, njia ya kawaida ya kutawala nguo mezani. Kamera ingekaa chini, usawa wa vikombe, nyasi zikiwa kubwa mbele ya lenzi na mkono ukipita nyuma yake bila kutazamwa na Coraline, ambaye anajua upo na hageuki. Shingo isiyogeuka. Trnka angeifanya dakika nzima kwa shingo hiyo, bila kubadilisha uso hata mara moja, na kila mtoto ukumbini angeelewa kwamba binti huyu anaogopa na bado anamimina chai.

Laika sasa wana Wildwood, kutoka kitabu cha Colin Meloy, chini ya uongozi wa Travis Knight, ambaye alikuwa mhuishaji kiongozi kwenye Coraline. Msichana, Prue, anaingia msituni kumfuata mdogo wake aliyechukuliwa na kunguru, na mvulana wa darasani kwake, Curtis, anamfuata nyuma. Safari hii mvulana yumo kitabuni tangu mwanzo, kwa hiyo sina ugomvi na kuwepo kwake. Nitatazama nani anamfikia mtoto.