Chumvi, Chumvichumvi na Magadi: Uchambuzi wa Istilahi za Udongo

Kijitabu kilichotafsiriwa kwa ajili ya wakulima wa umwagiliaji kilinifikia hapa Majengo, Songea, mikononi mwa jirani yangu, mkulima wa mahindi wa siku nyingi. Alikuwa amesoma kichwa chake tu, kilichoonya juu ya "udongo wenye chumvichumvi". Akaniuliza: "Mwalimu, kumbe siku hizi mbolea imekuwa sumu?"

Jirani hakukosea kusoma. Katika mikoa yetu inayolima mahindi kwa wingi, mbolea ya viwandani imeitwa mbolea ya chumvichumvi kwa miaka mingi, na kwa mkulima wa Songea udongo wa chumvichumvi ni udongo uliotiwa rutuba. Tena jina hilo halina ila: kikemia mbolea hiyo ni chumvi, na anayeirundika karibu mno na mche huuona ukiungua. Lakini ardhi yetu, ambayo mvua huiosha kila msimu, aghalabu husumbuliwa na uasidi na wala si chumvi. Mkulima anayeacha mbolea kwa sababu ya kichwa cha habari hupoteza mavuno, na mfasiri ndiye aliyempotosha.

Kosa la pili ni zito zaidi. Kijitabu kinatumia jina hilo moja kwa udongo wa aina mbili zisizotibiwa kwa dawa moja. Aina ya kwanza ni udongo wenye chumvi nyingi iliyoyeyuka, kama ule wa mabonde ya mpunga ya Pemba yaliyofikiwa na maji ya bahari. Wataalamu huutambua pale ambapo maji yaliyokamuliwa kutoka udongo ulioloweshwa yanapitisha umeme kwa zaidi ya desisimensi 4 kwa mita. Aina ya pili ni udongo ambao sodiamu imeshikamana na chembe za mfinyanzi. Tatizo hili limejulikana katika nyanda za umwagiliaji za Moshi Chini. Udongo wa kwanza huoshwa kwa maji matamu mengi yenye njia ya kutokea. Wa pili ukioshwa hivyo bila kutiwa jasi kwanza, waweza kuharibika zaidi. Bwana shamba aliyepewa neno moja atatoa shauri moja, na nusu ya wakulima wake watapata hasara.

Na neno la aina ya pili tunalo: magadi. Kila mpishi ajua kwamba magadi hulainisha maharage magumu. Mfinyanzi nao hutendwa na sodiamu jambo lenye kufanana na hilo: chembe zake huachana, ukawa tope mvua inyeshapo na ganda gumu jua liwakapo, na maji hayapenyi. Napendekeza, basi, tuseme udongo wa chumvi kwa aina ya kwanza na udongo wa magadi kwa ya pili, na chumvichumvi tuwaachie wenye mbolea.

Tuje kwenye mimea yenyewe. Kijitabu kinaiita "sugu kwa chumvi", na mahali pengine, sijui kwa nini, "inayopenda chumvi". Usugu tumezoea kuusema kwa vimelea visivyouawa na dawa; hudokeza kwamba hapana madhara. Hesabu zinakataa. Kwa muhtasari ambao Maas na Hoffman wa Marekani waliutoa mwaka 1977, mahindi huanza kupungua mavuno kwenye desisimensi 1.7, na kila desisimensi inayoongezeka hula asilimia 12. Maharage huanza kwenye 1.0, yakapoteza asilimia 19. Shayiri, iliyo hodari kuliko hayo, hungoja hadi 8, kisha hupoteza asilimia 5. Kwenye 12 itakuwa imepungukiwa na sehemu moja ya tano, ilhali mahindi hayana kitu. Shayiri, basi, inateseka na bado inazaa. Hali hiyo Kiswahili huiita kustahimili, na tayari twasema mazao yanayostahimili ukame. Ukame, naam, ndio mwanzo wa dhiki hii pia: chumvi huuzuia mzizi kunywa, mmea ukaona kiu umesimama majini. Sumu ya sodiamu hufuata baadaye, ikaanza kuunguza majani makuukuu.

Kuhusu jinsi mimea inavyostahimili, mfasiri ameandika "kukwepa" kila mahali. Angewauliza watu wa pwani. Mkoko huizuia chumvi mizizini. Mchu huiacha ipite, kisha huitoa kwa majani, hata punje zake zikaonekana juani. Kuzuia na kutoa ni vitendo viwili. Cha tatu, ambacho shayiri hukitumia, ni kuitenga chumvi katika vifuko vilivyomo ndani ya chembehai. Hapo naliridhia neno kutenga. Na vifuko hivyo viitwe vakuoli, kwani wanafunzi wangu wamekwisha kulizoea.