Ubao wa Matundu Kumi

Tarehe 6 Januari 1907, katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma, daktari Maria Montessori alifungua shule ya watoto wadogo wa familia za vibarua. Vifaa vyake vingi alikuwa ameshavijaribu kwa watoto wenye ulemavu wa akili, akifuata nyayo za madaktari wawili wa Ufaransa, Itard na Séguin. Kimoja hutumika hadi leo: ubao mnene wenye matundu 10, na vipande 10 vya mviringo vyenye vishikio, kila kipande na tundu lake.

Montessori aliandika kwamba alimwona binti wa miaka kama mitatu akivitoa vipande hivyo na kuvirudisha, tena na tena. Akawaambia watoto wengine waimbe na kuzunguka chumbani, binti hakugeuka. Akamwinua pamoja na kiti chake, akamweka juu ya meza. Mtoto akaupakata ubao wake na kuendelea. Alirudia zaidi ya mara 40, kisha akaacha mwenyewe, mchangamfu, bila dalili ya uchovu.

Kisa hiki husimuliwa kana kwamba mtoto yule alizaliwa na subira ya pekee. Kwangu mimi, jibu liko kwenye ule ubao.

Chukua ubao ambao vipande vyake vina kimo kimoja ila vinatofautiana unene. Kipande chembamba huingia kwenye tundu pana bila kizuizi, kwa hiyo mtoto hukosea na kusonga mbele akiwa na furaha zake. Mwishoni anajikuta na kipande kinene mkononi na tundu jembamba mbele yake. Hakuna aliyemwambia amekosea. Anaanza kuvitikisa vipande kimoja kimoja, anatafuta kile kinachocheza tunduni, anakitoa, na hapo analazimika kuhamisha vingine viwili au vitatu. Kurudi nyuma kunakuwa sehemu ya kazi yenyewe, wala hakuna aibu ndani yake, kwa sababu hakuna anayemcheka wala kumkaripia.

Ubao wa vipande vinavyotofautiana kimo tu ni mgumu zaidi. Hapo kila kipande kinaingia kila tundu na hakuna kinachobaki. Kirefu kinachomoza, kifupi kinazama. Jicho na ncha ya kidole ndivyo vinavyoamua. Ndiyo maana si busara kuanza nao.

Kishikio nacho kina kazi yake. Ni kidogo kiasi kwamba mtoto hukishika kwa vidole vitatu, vilevile vitakavyoshika penseli baadaye.

Shule isiyomudu vifaa vya dukani inaweza kumpa kazi hiyo fundi seremala, mradi aelewe anachotengeneza. Mbao ziwe zimekauka sawasawa. Mti mbichi husinyaa ukikauka, na tundu lililokuwa duara hupinda, kipande kikakwama mahali pake halali. Mtoto akipatia na kifaa kikamkatalia, ubao umemdanganya, na ataacha kuuamini. Nafasi ikizidi vilevile ni hasara: kila kipande kitacheza, hata kilicho mahali pake, na kosa halitaonekana tena.

Kazi ya mwalimu ndiyo inayonisumbua zaidi. Anaonyesha mara moja, polepole, kwa maneno machache, kisha anakaa pembeni. Wengi wetu tunashindwa hapo. Mtoto akisita kidogo tu tunanyoosha mkono, na kwa upendo kabisa tunamnyang'anya ile nafasi ya kuhangaika hadi apate. Ratiba nayo humkatiza. Shule za Montessori hutenga takriban saa 3 mfululizo kila asubuhi bila kubadilisha somo. Chekechea yenye vipindi vifupi inaweza kuanza kwa kuunganisha viwili au vitatu vya asubuhi, na kumwacha mtoto aliyezama kwenye ubao wake amalize, hata kama wenzake wameshaanza wimbo.