Chembe Nyeupe Kwenye Sumaku

Mtu wa kijiji cha Wema aliyepandikizwa figo ya nduguye humeza takrolimasi saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, mafuriko ya Mto Tana yawepo yasiwepo. Dawa hiyo huituliza kinga ya mwili isije ikaishambulia figo. Siku ya kliniki huibeba mfukoni bila kuimeza, hadi atolewe damu, kwa kuwa kiwango hupimwa kikiwa kimeshuka kabisa.

Kipimo hicho hutaja dawa iliyomo kwenye damu. Chembe nyeupe zenyewe zimebaki na nguvu gani, hakisemi. Kwa swali hilo kuna kipimo kingine, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2002. Si cha kila hospitali, na mashine haiwezi kuficha mkono mbovu.

Damu hutiwa kwenye kichupa chenye heparini ili isigande. Haingii kwenye friji, maana chembe zinatakiwa zifike hai. Mtaalamu wa maabara hukipindua kichupa juu chini, polepole, asikitikise. Huizimua damu kwa maji maalumu, kisha hushika pipeti: kidole gumba chashuka mpaka kinapogota mara ya kwanza, ncha yaingia kidogo tu, kidole chaachiliwa taratibu. Akiachia ghafla, kiputo cha hewa huingia na kiasi cha damu kimepungua.

Trei ina vishimo vidogo. Vingine hupata damu tupu. Vingine hutiwa kichocheo kinachotokana na maharagwe mekundu, ambacho huziamsha chembe za kinga. Trei hukaa kwenye joto la nyuzi 37 usiku kucha, saa 15 hadi 18. Hapo hakuna la kufanya ila kungoja.

Asubuhi huongezwa shanga za sumaku, ndogo kuliko jicho linavyoweza kuzitenganisha, zenye kingamwili inayoshika chembe nyeupe aina ya CD4 peke yake. Trei ikiwekwa juu ya sumaku, shanga hujikusanya kama punje za chikichi kwenye ukingo wa ungo. Sasa ndipo ufundi ulipo. Ncha ya pipeti huelekezwa upande wa pili, majimaji yavutwe bila kuzigusa shanga. Yatiwa maji safi, yavutwa tena. Mwenye pupa huvuta na shanga zake, na chembe za mgonjwa zaishia kwenye pipa la taka.

 

Chembe zilizosalia hupasuliwa zitoe ATP, nishati yao. Huongezewa lusiferini na lusiferesi, vitu vile vile vinavyomwasha kimulimuli. Penye ATP nyingi, mwanga huzidi, na mashine huupima. Nanogramu 225 kwa mililita au chini yake ni kinga dhaifu. 525 na zaidi ni kinga kali. Namba moja haitoshi kubadilisha dawa, nami naona hilo ni sawa: mgonjwa alinganishwe na majibu yake mwenyewe ya nyuma.

Kabla ya kuandika jibu, mtaalamu hukagua vishimo vya ulinganisho, ambavyo ATP yake inajulikana. Vikisoma kombo, hasahihishi kwa kukisia. Trei nzima hutupwa, na mgonjwa hupigiwa simu aje atolewe damu upya, hata kama amesharudi Wema.