Sifa ya Fundi Mwenye Daftari

Wiyoni, mtaa wa mji wa Lamu, hakuna asiyeuogopa moto. Penye nyumba za makuti zilizobanana, kaskazi ikivuma, cheche moja yaweza kuruka paa hadi paa kabla ndoo ya kwanza haijafika. Vichochoro ni vya miguu na punda; gari la zimamoto halina pa kupita. Jirani yake, mji wa kale ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, umejaa boriti za mikoko na milango ya kuchonga. Mahali kama hapa, maji yanayomtangulia mtu kufika penye moto ni neema. Kwa hiyo namsifu fundi wa vinyunyizio vya kuzimia moto, na zaidi naisifu ile sehemu ya kazi yake ambayo watu huipita bila kuitazama: mpango wake na daftari lake.

Kinyunyizio ni kitu kidogo, chakaa kiganjani. Katikati kina kichupa cha kioo chembamba chenye kimiminika chekundu. Joto likifika nyuzi 68 za Selsiasi, kimiminika hutanuka, kioo hupasuka, kizibo huanguka na maji hutoka. Hufunguka kile kilichopata joto. Vingine hubaki vimefumba. Henry Parmelee wa Marekani alipata hataza ya kinyunyizio chake mwaka 1874, akitafuta namna ya kukilinda kiwanda chake cha piano. Tangu hapo umbo limebadilika sana, lakini wazo ni lile lile: moto wenyewe ndio ufungue maji.

Ila maji yawepo. Uchunguzi uliofanywa Marekani kwa miaka mingi umeonyesha kwamba, vinyunyizio visipofanya kazi wakati wa moto, sababu inayoongoza ni mfumo kuwa umefungwa. Mtu alifunga valvu ili arekebishe kitu, jua likachwa, akaenda zake. Hakuandika, na aliyefuata hakuuliza. Bomba zuri, kichupa kizuri, pampu nzuri, vyote vikabatilishwa na mkono mmoja uliosahau.

Hapo ndipo ustadi wa kupanga kazi unapoonekana. Lamu, kazi ya bomba huanzia Mokowe, ng'ambo ya mkondo, kwa kuwa mzigo wa barabarani huishia huko na kuvuka kwa mashua, kisha hupanda mgongoni mwa punda. Elbo moja iliyosahauliwa inaweza kula siku nzima ya watu wanne. Mkuu wa kikosi anayeijua kazi hupita jengoni na utepe wa kupimia, chumba kwa chumba, akiandika urefu wa kila kipande na kila tii, soketi na yunioni. Mabomba hukatwa na kuchongwa nyuzi karakanani, kila moja likapakwa nambari ya rangi, na ya kufungwa mwanzo yakapakiwa juu. Vijana wakifika hawaulizani. Wanasoma nambari na kufunga.

Mtazame anayefunga. Anazungushia katani kwenye nyuzi za bomba kufuata upande wa kukazia, anapaka dawa ya kuzuia mvujo, anaanza kwa vidole, anamaliza kwa spana. Akikaza mno, soketi hupasuka, akilegeza, hudondosha. Kisha mfumo hujazwa maji. Kiwango cha NFPA 13 cha Marekani, kinachofuatwa katika nchi nyingi, huitaka mifumo ya kawaida ihimili presha ya psi 200 kwa saa mbili. Sindano ya geji isipotikisika, fundi anaandika: tarehe, saa, presha, aliyefunga, aliyeshuhudia.

Fundi wa jahazi akikosea kukalafati, bahari humwumbua siku ile ile ya kushua. Kosa la fundi wa vinyunyizio laweza kujificha darini miaka 20, likajitokeza usiku mmoja ambao hauna marudio. Kwa hiyo anahitaji shahidi asiyesahau. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Na usalama nao ni mali. Kibandiko chenye jina na saa, kikining'inia kwenye valvu iliyofungwa, humkumbusha aliyeifunga kwamba kazi haijaisha mpaka aifungue. Jina kando ya kila kiungo humfundisha kijana kukikaza kwa uangalifu, kwa kuwa ni chake.

Sheria ya Kenya inauunga mkono moyo huu. Kanuni za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi zinataka ukaguzi wa usalama wa moto kila mwaka. Ila mkaguzi huja siku moja, na hewa ya chumvi hula chuma siku zote. Katikati ya ukaguzi na ukaguzi, anayelinda nyumba ni fundi anayerudi, akafungua valvu ya majaribio, akasoma geji na kuandika alichokiona, hata kama alichokiona ni kutu ya kazi yake mwenyewe.

Basi mwenye hoteli, mwenye ghala na mwenye shule, kabla ya kulipa waombe daftari, walisome. Na kijana wa Wiyoni anayejifunza kuchonga nyuzi za bomba apewe kalamu siku ile ile anayopewa spana. Kuandika ukweli wa kazi yako, ukautia jina lako, ni ufundi kamili, na unastahili heshima na ujira kama ufundi mwingine wowote.