Mmea Ukinyauka Kwenye Udongo Uliolowa

Kati ya Juni na Agosti, mawingu yakitanda juu ya mtaa wa Loresho, Nairobi, na joto la mchana likiishia nyuzi 22 hivi, mimea mingi ya sebuleni huanza kugeuka manjano. Mwenye nyumba huona majani yamelegea, akaongeza maji. Mara nyingi maji hayo ndiyo yanayoumaliza mmea.

Tuuchambue mmoja: ZZ, yaani Zamioculcas zamiifolia, uliotolewa chunguni mwezi Julai katika nyumba moja ya hapa Loresho. Huu ni mmea wa kwetu. Asili yake ni Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini, ingawa ulienea madukani duniani baada ya wakulima wa Uholanzi kuanza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990. Kwa kuwa umezoea kiangazi kirefu, huweka akiba ya maji kwenye viazi vyake vya chini na kwenye vikonyo vinene.

Basi kwa nini unyauke udongo ukiwa tope? Mizizi hupumua, na oksijeni husambaa majini polepole kuliko hewani mara 10,000 hivi. Matundu ya udongo yakijaa maji kwa siku nyingi, mizizi hukosa hewa na kushindwa kunyonya. Vijidudu vya kuozesha, kama Pythium, hupata nafasi. Majani yanakauka kwa kiu huku mizizi ikioza majini.

Chanzo kikubwa hapa kilikuwa udongo wenyewe. Ule mwekundu wa Kabete, ambao wataalamu huuita nitisoli, ni hazina bustanini: una kina kirefu, na chembe zake zimeshikana kwa namna inayoruhusu maji kushuka. Ukichimbwa, ukapondwa na kushindiliwa kwenye chungu cha plastiki, mpangilio huo huvunjika. Tena chungu ni kifupi, kwa hiyo sehemu ya chini hubaki imejaa maji hata baada ya maji ya ziada kutoka. Kokoto chini ya chungu hazisaidii, kwani maji hayashuki kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa.

Dalili zilikuwa wazi. Manjano yalianzia majani ya chini, vikonyo vilibonyea shinani, na vijiinzi vyeusi viliruka chungu kilipoguswa. Mmea wenye kiu ya kweli huwa na chungu chepesi, na udongo wake hujitenga na kingo. Mizizi ndiyo iliyotoa ushahidi wa mwisho: mizima ilikuwa myeupe na migumu, iliyooza ilikuwa ya kahawia, yenye harufu, na ukiivuta ganda linavuka kama soksi, unabaki uzi mtupu.

Tiba ilikwenda hivi. Udongo wote ulioshwa, kisha kila kilichooza kikakatwa kwa kisu kilichopanguswa kwa spiriti, mpaka kwenye nyama ngumu ya kiazi. Mmea ukaachwa kivulini siku mbili ili majeraha yakauke. Ukapandwa upya katika chungu chenye tundu, kikubwa kidogo tu kuliko mizizi, kwa sehemu moja ya udongo mwekundu na sehemu mbili za mawe mepesi ya volkano, yale ambayo mashamba ya maua ya Naivasha huoteshea waridi. Asiyeyapata atumie mchanga wa chembe kubwa. Mbolea ingoje majani mapya, maana mizizi yenye majeraha huunguzwa na chumvi zake.

Kuanzia hapo usimwagilie kwa kalenda. Kiasi kinachokauka kwa wiki moja ya jua la Februari huweza kukaa zaidi ya mwezi katika baridi ya Julai. Ingiza kijiti cha mishikaki mpaka chini. Kikitoka na unyevu, ngoja. Ukimwagilia, mwagilia mpaka maji yatoke tunduni, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Kupunguza maji bila kubadilisha udongo ulioshindiliwa huchelewesha kuoza tu. Mizizi ikipata hewa, ZZ utakusamehe hata ukiusahau mwezi mzima.