Mcheza Kwao Hutunzwa: Ngoma na Hisani Ukumbini

Methali isemayo kwamba mcheza kwao hutunzwa ni miongoni mwa zile tunazozifundisha kwa haraka, tukidhani kuwa maana yake i wazi. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba ndani ya methali hiyo mna nadharia nzima ya sanaa za maonyesho, na kwamba nadharia hiyo yaweza kutufaa katika kuhakiki aina moja ya tamasha iliyoenea katika miji yetu: usiku wa hisani, ambapo ngoma za jamii na mataifa mbalimbali huchezwa mbele ya wageni walionunua viti ili fedha zao ziwasaidie wenye shida. Mfano wangu ni tamasha moja nililolihudhuria Nairobi hivi karibuni. Sitawataja walioliandaa, kwa sababu kosa ninalolizungumzia si lao peke yao. Na, kama msomaji atakavyoona, mimi mwenyewe nilikuwa na fungu langu.

Lengo la usiku ule lilikuwa kuchanga karo za wanafunzi wa shule za sekondari. Ratiba ilichanganya mengi: isukuti ya Waisukha na Waidakho, mwomboko wa Wagikuyu, chakacha ya pwani, Bharatanatyam ya Wahindi, baleti iliyochezwa na watoto, na salsa. Mimi nilikuwa nimeombwa kuandika maelezo ya ngoma za hapa nchini. Nilizungumza na viongozi wa vikundi, nikaandika kurasa nne, pamoja na tafsiri za nyimbo walizokusudia kuziimba. Nilipoifungua ratiba iliyochapishwa, nilikuta isukuti imepewa maneno matatu tu: "Ngoma ya asili."

Wapo watakaosema kwamba kasoro ya tamasha kama hilo ni mchanganyiko wenyewe, kwa kuwa ngoma safi haikai pamoja na salsa. Hoja hiyo haina nguvu. Beni, iliyozuka Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, iliiga bendi za kijeshi za Wazungu, na Terence Ranger alikwisha kueleza katika kitabu chake cha 1975 jinsi ilivyoenea Afrika ya Mashariki na kuwa chombo cha watu kujipanga na kushindana. Mwomboko nao uliazima hatua za dansi za Kizungu na kodiani, lakini Wagikuyu waliufanya wao hata leo wazee huucheza kama urithi. Ngoma zetu hazikupata kuogopa cha kuazima. Swali linalomhusu mhakiki si kama mitindo ilichanganywa, bali ni kitu gani kilichoachwa nje wakati wa kuichanganya.

Jibu langu ni kwamba yaliachwa maneno. Kabla ya Bharatanatyam kuanza, mwalimu wa kikundi alisimama akaeleza ishara za mikono, moja baada ya nyingine, na mchezaji akazionyesha. Ngoma ilipoanza, ukumbi mzima uliweza kuifuata hadithi. Hata watoto waliotoka kucheza baleti walisimama kando ya jukwaa wakiigiza vidole vya yule mchezaji. Huo ulikuwa mchanganyiko wenye manufaa, kwa kuwa sanaa ngeni ilipewa nafasi ya kueleweka. Kwa upande mwingine, chakacha, ambayo uhai wake u katika mafumbo ya wanawake wanaoimba, ilichezwa kwa muziki wa mashine bila ya mwimbaji hata mmoja. Viuno vilionekana, fumbo halikusikika. Mgeni aliyetazama vile hangeweza kujua kwamba ameonyeshwa nusu tu ya ngoma, tena nusu isiyosema.

Serikali ya kikoloni ilielewa jambo hili kuliko waandaaji wetu. Ilipoipiga marufuku Muthirigu mwaka 1930, haikuwa kwa sababu ya namna vijana wa Kigikuyu walivyorusha miguu. Ilikuwa kwa sababu ya maneno yaliyoimbwa dhidi ya wamishonari, watawala na machifu wao. Mkoloni aliyakata maneno kwa kuwa aliyaogopa. Sisi tunayakata kwa kuwa hatuyatafutii nafasi, na sijui ni lipi kati ya hayo mawili linaloidhalilisha fasihi simulizi zaidi.

Isukuti ilikuja baada ya chakula. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, ziliingia pamoja na pembe na njuga, na mwimbishaji akaanza. Nilikaa na mwenzangu wa idara, mzaliwa wa Ikolomani, naye alianza kunong'ona tafsiri sikioni mwangu. Mwimbishaji alikuwa ameuacha wimbo uliokuwa katika tafsiri yangu, akatunga mwingine papo hapo, kama ilivyo desturi ya ngoma hiyo, ambayo huchezwa katika arusi, mazishi na sherehe nyingine na hulazimika kusema na tukio lililopo. Alikuwa akimwimba mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na mama yake anayemwona kwa mbali akija na sanduku kichwani. Yaani, katika ukumbi wenye watu zaidi ya mia mbili waliokusanyika kwa ajili ya karo, huyu ndiye aliyekuwa akilizungumza jambo lenyewe, na waliomwelewa walikuwa wachache mno. Dakika chache baadaye mfawidhi alimkata, akawashukuru "wachezaji wetu wachangamfu", kisha akatangaza mnada wa picha.

Lakini kabla hajakatwa lilitokea jambo lililonifanya niandike makala haya. Mama mmoja kati ya wapishi alitoka jikoni akiwa bado na aproni yake, akapita baina ya meza akicheza mabega, akambandika mpiga ngoma noti ya shilingi mia moja kwenye paji la uso. Mlinzi alimshika mkono akamwelekeza mlangoni: michango, alimwambia, inapokelewa kwenye meza ile. Baadhi ya wageni walicheka. Yule mama aliirudia noti yake iliyokuwa imeanguka, akamtia mpiga ngoma mkononi, akarudi jikoni.

Tulitazame neno lenyewe. Kutunza ni kuangalia kitu au mtu kisipatwe na madhara. Na kutunza, au kutuza, ni kumpa zawadi aliyecheza au kuimba vizuri. Kelly Askew, katika kitabu chake cha 2002 juu ya muziki na siasa Tanzania, ameonyesha kwamba anayekwenda kumtunza mwimbaji wa taarabu hatoi fedha tu. Anasema kitu, mbele ya watu, kwa kuyachagua maneno anayoyatolea. Zawadi ni jibu. Hatuwezi kulijibu jambo ambalo hatukulisikia, na ndiyo maana maneno yakiisha kukatwa, kutunza nako hugeuka fujo ya kuzuiwa na mlinzi. Mpishi yule alikuwa mhakiki pekee ukumbini: alisikia, akaelewa, akahukumu, akatoa.

Ni lazima nikiri kwamba mimi sikuinuka. Ninaifundisha methali hii kila mwaka, na noti nilikuwa nayo mfukoni. Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya pili Uingereza, niliwahi kuombwa nicheze "kitu cha Kiafrika" katika usiku wa hisani wa wanafunzi wa kigeni. Mimi ni Mdigo. Nilicheza vipande vya sengenya, peke yangu, bila ngoma na bila zumari, kwa sauti iliyotoka katika kompyuta. Walinipigia makofi mengi. Usiku ule nilijifunza kwamba makofi humsifu mchezaji kwa kumaliza, ilhali kutunza humtaka aendelee. Nilipaswa kulikumbuka hilo.

Isije ikadhaniwa kwamba ngoma na hisani haziwezi kukaa pamoja. Margaret Strobel, katika makala yake ya 1976, alieleza jinsi wanawake wa Mombasa walivyotoka katika vyama vya lelemama wakafika katika vyama vya kutetea haki na maendeleo yao. Waliojifunza kukusanya fedha, kupanga karamu na kuchagua viongozi kwa ajili ya ngoma, walikuwa na mahali pa kuanzia walipotaka mambo makubwa zaidi. Lakini kwao mtoaji na mchezaji hawakutenganishwa na jukwaa.

Neno "kwao" katika methali basi halina maana ya kijiji alikozaliwa mchezaji. Kwao ni popote anapoeleweka na kujibiwa. Ukumbi wa Nairobi waweza kuwa kwao, kama ulivyokuwa kwake yule mchezaji wa Bharatanatyam kwa muda wa robo saa. Isukuti iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni umri mkubwa wa wenyeji wake na upungufu wa fedha za ala na mavazi. Usiku ule kikundi kilipewa nauli na chakula. Fedha za karo zilipatikana, na hilo ni jema lisilopingika. Lakini tuliwatunza watoto kwa jasho la watu ambao hatukuwatunza wao.

Ningependa kudokeza kwamba wajibu wa kwanza ni wetu sisi walimu wa lugha. Tukiombwa maelezo, tukatae kuyatoa pasipo ahadi kwamba maneno ya nyimbo yatachapwa au yatasomwa kwa Kiswahili kabla ngoma haijalia. Tudai mwimbishaji apewe muda wa kumaliza, na mkalimani wa kusimama kando yake. Tudai pia kwamba wachezaji walipwe, na njia kati ya meza iachwe wazi. Na ngoma itakapolia, tusikae.