Urefu Kwanza, Injini Baadaye

Wenye boti wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kirando hadi Kasanga, wakizungumzia gharama ya petroli huanza na injini. Ya farasi 15 ikionekana inachelewa, wanafunga ya farasi 40. Matumizi ya mafuta yanapanda sana, lakini kijijini Wampembe wanafika mapema kidogo tu. Kinachowarudisha nyuma ni umbo la boti.

Chombo kinachopasua maji hutengeneza wimbi kwenye omo. Mwendo ukiongezeka, wimbi hilo linarefuka, hadi kilele chake cha pili kinaangukia shetri. Hapo boti imekaa ndani ya bonde la mawimbi yake yenyewe, omo imeinuka, shetri imezama, na petroli ya ziada inaishia kwenye kupanda kilima cha maji. Mwingereza William Froude alilipima jambo hili miaka ya 1870, akivuta mifano midogo ya meli katika bwawa refu alilojenga Torquay. Kanuni inayotumika hadi leo ni hii: tafuta kipeuo cha pili cha urefu wa boti unaogusa maji, kwa mita, kisha zidisha kwa 4.5. Jibu ni kilomita kwa saa, na ndipo ukomo wa mwendo wa nafuu ulipo. Boti ya mita 9 inagota kwenye 13 na nusu. Ya mita 16 inafika 18.

Mfano mkubwa wa hesabu hii umepita mbele ya Wampembe kwa miaka mingi, ukipokea abiria na mizigo kutoka boti ndogo zilizoufuata majini. MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa baadaye, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Mvuke ulikuja kuondolewa na dizeli ikashika nafasi yake, lakini umbo lilibaki lile lile: urefu wa mita 71 hivi kwa upana wa mita 10. Ukomo wake unapita kilomita 35 kwa saa, nayo ilizoea kwenda karibu na 20. Kwa mwendo huo wimbi lake ni dogo, na kazi ya injini ni hasa kushinda msuguano wa maji. Huo ni usanifu wa watu waliojua kuni na mafuta ni gharama.

Boti zetu za mbao zina kasoro nyingine, nayo inaonekana kwa macho. Simama ufukoni boti iliyojaa magunia ya dagaa inapoondoka, utazame ubao wa nyuma unaobeba injini. Ukiwa umezama, maji yanajikunja na kuchemka nyuma yake, yanaifuata boti kana kwamba yamefungwa kamba. Hayo ni mafuta yanayopotea. Sogeza magunia kuelekea katikati hadi ukingo wa chini wa ubao uguse maji kidogo tu, na maji yataachia kwa utulivu. Boti pana ya faiba yenye chini bapa hukwepa yote haya kwa kuinuka na kuteleza juu ya maji, ila ikiwa nyepesi. Ipakie tani mbili za mahindi, haitainuka.

Lakini kurefusha boti kusiwe kuibana, kwani wembamba nao una hatari yake. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini-mashariki hulichafua ziwa, na boti nyembamba iliyorundikwa mizigo juu hupinduka upesi. Kwa hiyo fundi arefushe boti bila kuiminya upana, na mizigo ilale chini.

Kwa ambaye hana fedha ya boti mpya, apunguze mwendo. Kwa boti inayopasua maji, kushusha kasi kwa sehemu moja ya kumi huokoa takriban robo ya mafuta kwa saa, na karibu moja ya tano kwa safari nzima. Ndugu mwenye boti, jaribu hilo safari ijayo kabla hujaenda Sumbawanga kuulizia injini kubwa zaidi.